Machine Inasema Mbau Hakuna Bagonjwa

Butembo, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2002

Yaya Kaswera, dada yangu mukubwa, mutoto wa mama,

Wavukire, kama ni asubuhi. Na kama barua hii inakufikia jioni, upokee salamu ya jioni pia. Huku tuko, tunapumua kwa neema. Mama nilimuona siku ya Noeli kule Kipese. Magoti yanamuuma, mais hata hivyo mudomo uko palepale: alinigombeza mbele ya bageni kwa sababu nilikuja bila sabuni. Eliane wangu iko namna gani? Meno ya mbele yameota? Umwambie nyumba nimeshaitafuta, karibu na kanisa, na mwezi wa tisa nakuja kumubeba aanze masomo huku Butembo. Toka mama yake alikufa siku ya kumuzaa, wewe ndiye umekuwa mama. Sina neno la kukulipa, yaya.

Sasa nikupatie habari ya kazi, maana nimejaa furaha hata njaa siisikii. Depo yetu ya dawa imepata ordinatere, ile kompyuta. Na si ya kuandikia barua tu, hapana! Iko na logiciel, programu ya kuchunga stock, yenye ilitengenezwa kwa ajili ya depo za dawa peke yake. Kila titulaire, mukubwa wa sentre ya afya, ananitumia rapport ya mwezi: alipokea nini, alitumia nini, amebakiza nini. Mimi naingiza. Logiciel yenyewe inapiga hesabu ya matumizi ya miezi mitatu na inasema: Kipese upeleke hivi, Mangina hivi, Mbau hivi. Kazi yenye ilikuwa inatumalizia majuma, na kelele, na kubembelezana, sasa groupe, ile jenereta, inawaka asubuhi, kufika saa ya kula nimemaliza. Unakumbuka mwaka jana tulichoma kartoni za dawa zenye zilipitwa na wakati, na kule Kipese batu banakosa serumu? Ile imekwisha. Machine haijui ndugu ya mutu. Haipokei kuku.

Donc yaya, wewe titulaire wa Mbau, rapport yako uijaze sawasawa, uandike paka kile ulitumia tu. Fomu mupya iko pamoja na barua hii. Nampatia Djuma dereva, ju ya lori yake kupita kwenu kila juma kama barabara iko wazi.

Mimi mudogo wako mwenye ulimufundisha kusoma,
Abdias


Mbau, tarehe 9 mwezi wa pili 2002

Abdias,

Salamu nimezipata, na za jioni ndizo zilinifaa, maana Djuma alifika giza linaingia. Anasema toka Beni mpaka hapa basoda na bunduki zao balimusimamisha kila mahali penye muti umeanguka barabarani, na kila mahali penye haujaanguka. Masikini, alikunywa maji kikombe kwa kikombe kama mutu ametoka jangwani.

Eliane wako iko. Meno yameota, makubwa kama ya panya ya shamba, na mimi nikimwambia hivyo ananijibu kwamba ni ya baba yake. Kwenye masomo ya Jumapili alisema mbele ya batoto bote kwamba baba yake anafuga machine yenye inakula karatasi. Mwalimu alicheka mpaka akafunga Biblia.

Mais habari si nzuri, ndugu yangu. Toka mwisho wa mwezi uliopita hatulali mu nyumba. Mapigano yalishuka na barabara, batu bakakimbilia musituni, kila mutu upande wa shamba lake. Mimi nilifunga sentre, nikaweka kisanduku cha dawa kichwani na Eliane mugongoni, mukubwa vile alivyo. Tunalala chini ya majani ya migomba. Mubu ni wengi mpaka ukifungua kinywa uombe, unameza mumoja mbele ya kusema amina.

Kwa hiyo rapport yako hii hapa. Kinini ya malaria, matumizi: karibu zero. Serumu: zero. Sijawahi kuandika mugonjwa mwenye sikumuona kwa macho, na sitaanza uzeeni. Lakini uniambie kitu kimoja, wewe mwenye machine: inajua tofauti ya kijiji cha batu bazima na kijiji kimekimbia?

Shangazi ya mutoto wako,
Kaswera


Butembo, tarehe 20 mwezi wa tatu 2002

Yaya,

Unisamehe kukawia. Djuma alikaa Beni juma nzima, barabara ilifungwa, na barua yako ilifika imelowana mpaka nikaianika kama mboga. Nilivyosoma habari ya musitu nilisikia vibaya sana. Kanisa lote la huku tunawaombea. Mama hatujamwambia kitu.

Kuhusu swali lako: machine inajua kile tunaiambia. Miezi miwili uliandika matumizi karibu zero, donc inasema Mbau hakuna bagonjwa, na mwezi huu umepata kidogo. Si mimi, ni hesabu. Mukiandika matumizi yamepanda, nayo itapanda pole pole.

Nikuambie tena kitu, mais kibaki kwetu. Unamujua Ananie, yule titulaire murefu mwenye alikuwa anaimba besi? Tulimukamata. Alikuwa anaandika bagonjwa benye hawako, ili machine imupatie dawa nyingi. Mimi ndiye niliona, ju logiciel inachora mustari, na mustari wake ulipanda kama kilima cha Kipese kwa mwezi mumoja. Directeur Apollinaire alimufukuza palepale. Alilia mu ofisi, mutu muzima. Nilimuhurumia, mais uongo ni uongo.

Toka siku ile kuna sheria. Mutu mwenye anataka kupita juu ya hesabu ya machine, anaweza: anatia namba kwa mukono, anaandika jina lake na sababu. Mais kwa sentre ya ndugu yake hapana. Directeur alisema hivyo huku ananiangalia mimi. Nilimujibu: Directeur, mimi ni mutoto wa Pasteri Éliakim. Unakumbuka, yaya, vile tata, baba yetu, alikuwa anagawa chumvi ya kanisa wakati wa shida? Bote banapanga mustari, na sisi batoto wake nyuma kabisa, nyuma ya bageni, nyuma ya walevi. Mara ngapi tulikula mboga bila chumvi, na mama ananuna! Nilimuelezea Directeur hayo, akanishika mukono, akasema nyumba kama ile haziko tena.

Umubusu Eliane. Nimemununulia viatu vyekundu, mais sivitumi, basoda bataviiba. Atavivaa huku.

Abdias


Mbau, tarehe 21 mwezi wa ine 2002

Abdias,

Tuko. Tumerudi mu nyumba toka mbele ya Pasaka. Kwangu mulango uliibwa, kwa jirani mabati. Tunasema aksanti kwa kuta. Eliane alishikwa na homa siku ya Pasaka yenyewe, homa ya kweli, macho yanageuka. Nilimutia kinini mu serumu, nikakaa naye, siku ya tatu aliomba muwa. Sasa anaruka ruka. Usiogope. Mais nikuambie ukweli: kama ile homa ingekuja juma hii, singekuwa na kitu cha kumutia.

Usome pole pole, ju naandika nimekasirika. Batu banatoka musituni, na banatoka na malaria yote ya musitu. Batoto banabebwa wamekauka kama kuni. Kile kidogo ulituma kilimalizika kwa siku chache. Baada ya pale ninafanya nini? Ninabashika kipaji cha uso, ninabapatia vidonge vya zamani vyenye haviui kitu tena, ninabarudisha nyumbani. Bengine banakufa, Abdias. Mwisho wa mwezi nikachukua fomu yako. Inaniuliza: ulitumia kinini ngapi? Naandika ile kidogo, ju ndiyo ilikuwako. Inaniuliza nimepokea nini, nimebakiza nini. Hainiulizi nimerudisha batu wangapi. Nilitafuta mbele na nyuma ya karatasi, hakuna mahali. Kwa hiyo machine yako itasema tena: Mbau bako bazima, bapunguzie. Na mwezi unaofuata nitatumia kidogo zaidi, nayo itapunguza tena, mpaka tuishe.

Juzi nilifikiri juu ya Ananie. Bagonjwa wake ulienda kubahesabu? Pengine balikuwako. Pengine alikuwa anaandika bale alibarudisha.

Mimi sitaandika uongo, unanijua. Lakini wewe unaweza kutia namba kwa mukono, umesema mwenyewe. Utie. Uandike jina lako. Mutu akikuuliza, umwambie Kaswera alikuomba, na Kaswera hajaomba kitu toka azaliwe.

Yaya yako


Butembo, tarehe 17 mwezi wa tano 2002

Yaya Kaswera,

Nakusalimia na heshima yote. Huku salama. Namushukuru Mungu kwa ajili ya kupona kwa Eliane, nilipiga magoti niliposoma. Mama anauliza kama bado unakohoa.

Tulikuwa na bageni, bazungu benye balitoa pesa ya ordinatere. Baliketi nyuma yangu nusu ya siku wakiangalia. Nilibaonyesha vile dawa hazipotei tena, hazichomwi tena, vile sentre saba zilizokuwa zinalia sasa ziko sawa. Mumoja alisema hajaona kazi safi hivi hata mu miji mikubwa. Directeur ananifanya mukubwa wa stock, na nyumba karibu na kanisa nimeipata, mufunguo uko mufukoni mwangu.

Juu ya lile uliniomba, nilifikiri sana. Unielewe, yaya. Kama ingekuwa sentre ingine, ningetia mukono. Mais ni Mbau, ni wewe. Siku nikiandika jina langu kwa ajili ya dada yangu, batasema Ananie alifukuzwa bure, na machine itarudi kuwa kama zamani, ya kuku na ya ujomba, na Kipese itakosa serumu tena. Ngojea. Hesabu ni ya miezi mitatu. Uandike vizuri, mwezi wa saba itajirekebisha.

Niliongea na Directeur kuhusu mahali pa kuandika bale bamerudishwa. Alisema wazo ni zuri, litaandikiwa benye balitengeneza logiciel, kule Ulaya.

Mwezi wa tisa si mbali. Umwambie Eliane.

Abdias


Mbau, tarehe 8 mwezi wa sita 2002

Baba Eliane,

Mutoto iko na homa kidogo. Kuja.

Usibebe dawa.

Kaswera


Butembo, tarehe 30 mwezi wa sita 2002

Yaya,

Sijui nianze na salamu gani. Nilifika Butembo, Djuma alinishusha kwanza Beni, mbele ya mulango wake, tukalala kwake. Siku utamuona Hawa bibi yake, umwambie aksanti kwa blanketi yenye alinipatia. Mama nilimwambia mwenyewe. Alitoka inje akakaa mu shamba la viazi mpaka mvua ikamukuta.

Yaya, nilijua toka niliposoma. Sisi tulikomaa pamoja: kwetu mutu akikufa, banasema iko na homa kidogo, kuja. Na niliposoma kwamba nisibebe dawa, Djuma alikuwa amesimama pale, akageuza uso. Nilitembea mpaka depo. Nilisimama kati ya kinini, kartoni mpaka dari, zenye mimi mwenyewe nilikuwa ninazichunga zisipotee. Nilipiga moja na teke. Ndicho kitu nilifanya siku ile mutoto wangu alikufa.

Kwenye matanga hukuniangalia. Ulinipatia maji, ulinionyesha kaburi, ukarudi kubapikia batu. Nilikuwa nangoja unitukane. Mbona hukunitukana? Ningekuwa na kitu cha kujibu au cha kupokea.

Nikarudi kazini, ju sikujua pa kwenda pengine. Rapport yako ya mwezi wa tano ilikuwa inaningoja juu ya meza. Kinini, matumizi: karibu zero. Nikaingiza. Machine ikafikiri kidogo, ikaandika: Mbau, kinini, peleka zero. Nikacheka, yaya. Nilicheka kwa sauti, mwenzangu akafikiri nimepatwa na wazimu. Ndipo nikatia namba kwa mukono, kubwa kuliko mustari wote wa Ananie. Mahali pa jina nikaandika Abdias. Mahali pa sababu nikaandika: mutoto wangu alikuwa mugonjwa kule. Djuma alipakia usiku uleule, mbele ya mutu kuniuliza.

Directeur aliniuliza asubuhi. Hakupiga kelele. Alisema hasara yangu anailia pamoja nami, mais mufunguo wa depo niuache. Niliuacha. Ule wa nyumba pia nimeurudisha kwa mwenye nyumba, nitafanya nini na vyumba. Njiani nilimukuta Ananie, anauza makala ya kupikia kando ya barabara. Nilitaka kumusalimu. Nilivuka upande wa pili.

Kitu kimoja kinanitafuna, na mutu wa kumuuliza ni wewe tu. Siku homa ilimushika, hukuwa umebakiza hata kidogo? Hata ya mutoto mumoja? Sikuulizi kwa kukushitaki, mimi nani nishitaki mutu. Nataka nijue tu. Unijibu, hata kama jibu ni baya.

Abdias


Mbau, tarehe 24 mwezi wa saba 2002

Abdias,

Kartoni zilifika zote, hata kwenye barriere ya mwisho, pale banafunga barabara, basoda balichukua sabuni tu. Nilizifungua inje, mbele ya batu bote, ili mutu asiseme nimeficha. Bamama balipiga vigelegele, nikabaambia wasifanye kelele, kuna matanga mu nyumba. Toka siku ile sijarudisha mutu. Uandike hilo mahali fulani, kama uko na mahali pa kuandika.

Umeniuliza. Nilitaka nisikujibu, nilichana barua ya kwanza na ya pili.

Nilikuwa nimebakiza, ndiyo. Ampuli za mutoto mumoja. Asubuhi ile Eliane aliamuka na joto kidogo, mais alikuwa anacheza, alikuwa anamuambia kuku habari zake. Bibi ya Kamate, jirani yetu, akafika na kijana wake mudogo mikononi, anakakamaa, povu mudomoni. Mutoto yule alifika wa kwanza, na alikuwa mubaya zaidi. Nilijua ni za mwisho. Nilijua homa ya batoto inageuka kwa muda wa kupika maharagwe. Eliane alikuwa amesimama mulangoni ananiangalia. Nilizivunja zote, nikamutia kijana wa Kamate, Abdias. Nilisikia hata kiburi, kama wewe mbele ya bazungu bako. Nikasema moyoni: mwanangu atangoja, ni wangu.

Saa ya jua kali Eliane alianza kukakamaa. Nilimufunga mugongoni nikaelekea Beni kwa miguu. Kwenye barriere basoda balinirudisha, mbele kulikuwa na risasi. Nilibaomba kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Kinande. Nilimuonyesha mumoja uso wa mutoto. Alisema: mama, rudi nyuma, ni amri. Nikageuka. Kati ya barriere na nyumba aliacha kupumua, na nilijua mara moja, ju alipata uzito. Sikusimama. Nilitembea naye hivyo mpaka nyumbani, nikimuimbia, ili batu wa njiani wasijue.

Uliniuliza juu ya nini sikukutukana. Ningekutukana namna gani? Na tena nikuambie hiki, nacho ni kibaya kuliko vyote: nilinyamaza ju nilitaka ubebe peke yako. Nilikuona unalia pale chini, nikasema, abebe, iko na mabega. Juma nyingi nilikuacha hivyo. Sasa nimechoka kukuacha.

Mama usimwambie. Na usiniandikie kwamba nilifanya vizuri, sitasoma.

Mutoto wa Kamate alipona. Anapita hapa asubuhi na mama yake bakienda shamba, amenenepa, anaruka mufereji na mguu mumoja. Akifika mbele ya mulango wangu anapaza sauti: wavukire, mama! Ninaitika.

Kaswera